Kanyoka keusi kwenye mchanga, usikashike shingoni

Masika ya mwaka juzi tulikuwa tunajenga huku Muheza, jioni moja shemeji yangu anahamisha tofali akakuta kanyoka keusi kanang'aa, urefu kama futi moja na nusu hivi, akasema aah huyu ni ndumilakuwili tu, yule nyoka kipofu, hana shida, akamkamata nyuma ya kichwa vile watu wanavyokamataga nyoka kwenye video. Hapohapo akang'atwa kidole, na mimi nilikuwa namuangalia yule nyoka, mdomo wala hakuufungua.

Usiku huo hatukulala. Kidole kikavimba, mkono ukafuata, tezi za kwapani zikauma, kesho yake malengelenge, baadae nyama ikawa nyeusi ikaoza na pingili moja ikakatwa hospitali.

Huyo wataalamu wanamwita Atractaspis. Meno yake ya sumu ni marefu na yanachomokea pembeni mwa mdomo, kwahiyo hata ukimbana kichwa vipi anakuchoma tu, yaani hakuna namna salama ya kumshika kwa mkono. Na hizi dawa za sumu ya kifutu au swila hazimsaidii mtu aliyeng'atwa na huyu, madaktari wanatibu maumivu na kidonda, ndo maana picha ya nyoka ni muhimu sana, piga kwa simu ukiwa mbali, usimbebe hata kama amekufa. Vua pete mapema kabla kidole hakijavimba, usichanje, usinyonye, usifunge kamba, nenda hospitali. Kuua anaua mara chache lakini kidole unaweza kukipoteza.

Sasa utamjuaje, maana mimi nimekaa miaka nachanganya. Yule ndumilakuwili kipofu wa kweli, anayekaa kwenye vyungu vya maua na mbolea, ni mdogo kama mnyoo, wengi hawazidi shibiri moja, macho ni vidoti tu chini ya gamba, na magamba ya tumboni ni madogo sawasawa na ya mgongoni. Hana madhara kabisa, anakula mayai na watoto wa sisimizi na mchwa, na wale wa vyungu vya maua wote ni majike, wanataga bila dume. Atractaspis tumboni ana magamba mapana, mkia mfupi wenye kincha kama mwiba, na ukimsumbua anakunja shingo anainamisha pua chini kwenye udongo halafu anarusha kichwa pembeni ghafla, ukiona hivyo rudi nyuma. Lakini kuna nyoka wengine weusi wa chini ya udongo wanafanana nae sana, kwahiyo ukiwa na wasiwasi mhesabu ni huyo huyo mbaya.

Mvua ikinyesha usiku wanatoka juu, vaa viatu vya kufunika vidole, beba tochi, tofali na magogo pindua kwa jembe. Na ukimkuta yule mdogo wa kwenye chungu mchote kwa koleo na udongo wake, mpeleke chini ya migomba.