Alto, fuerte, bajito: maneno ya sauti kwa mwongoza watalii anayeanza Kihispania

Wewe unayeanza kupeleka wageni wanaozungumza Kihispania Tarangire, Ngorongoro na Serengeti, jifunze maneno ya sauti kabla ya majina ya ndege. Injini inanguruma, paa liko wazi, upepo unavuma. Mgeni wa kiti cha nyuma asipokusikia, maelezo yako yote yamepotea.

Mimi nilianza kwa kuigeuza "sauti kubwa" yetu kuwa voz grande. Hawasemi hivyo. Kwao sauti hupanda na kushuka: alto ni juu, bajo ni chini. Mgeni akisema "más alto, por favor", anataka upaze sauti. Wa Amerika ya Kusini mara nyingi husema "más fuerte", na hilo kwetu halina shida, maana hata sisi twasema "sema kwa nguvu". Ila shika hili: ukieleza namna mtu anavyosema, alto halibadiliki, hata wakiwa wanawake kumi: hablan alto, wanasema kwa sauti ya juu. Ukieleza kitu chenyewe, linabadilika: la música está muy alta, sauti ya muziki iko juu sana.

En voz alta nalo si lazima liwe kelele. Leer en voz alta ni kusoma kwa sauti, yaani si kimoyomoyo, basi. Sauti nyembamba ni aguda, nzito ni grave.

Despacio ulifundishwa kuwa ni polepole, na ni kweli. Lakini katika baadhi ya nchi za Amerika ya Kusini, Chile ikiwemo, hablar despacio huweza kuwa kusema kwa sauti ya chini. Mgeni wa huko akikuomba hivyo, mtazame usoni: huenda unampigia kelele.

Kazi yenyewe hasa iko kwenye kuwatuliza watu. Simba wamelala hatua chache kutoka kwenye gari, na wageni wanashangilia. Usiwaambie "¡no griten!" (msipige kelele), hilo ni karipio. Kwa Wahispania wa Hispania "bajad la voz" (shusheni sauti) linafaa, kwa wa Amerika ya Kusini "bajen la voz". Ninalolipenda mimi ni "hablemos bajito", yaani tuseme kwa sauti ya chini: hiyo -ito ya mwisho inalainisha, na hablemos inakuingiza na wewe. Liseme kwa kunong'ona, kiganja kikishuka taratibu. Nimeona gari zima likinyamaza hivyo, na simba jike aliyekuwa ameinua kichwa akakilaza tena, tukawa tunamsikia anavyohema.