Bei ya mti iko chini yake

Maswali ya wasomaji kuhusu kazi ya kukata na kupogoa miti. Anayejibu amekwea na kukata miti ya Lubumbashi kwa miaka 31.

*Papa, jambo. Nina miaka 27, naishi Katuba. Mwaka jana nilinunua tronsonezi (msumeno wa injini) ya okazio, na nina vijana wawili wa kunisaidia. Kazi zinapatikana, ila faida siioni. Mwezi uliopita nilikubali dola 120 kuangusha mwembe mkubwa Kampemba. Nilidhani ni kazi ya siku moja, ikawa siku tatu. Tawi moja lilivunja mabati ya jirani, nikayalipa. Mwishoni mwenye parseli akasema magogo ni yake ila matawi na majani nibebe mimi. Nilipomaliza kuwalipa vijana na pusupusu nilibaki na dola 15. Bei inapangwaje? Na miti ambayo waya za umeme zimepita ndani ya matawi yake, niikubali au niikatae?*
Kijana wa Katuba

Mwanangu, barua yako nimeisoma mara mbili. Kazi kama hiyo yako ya Kampemba iliwahi kunikuta mimi katika komini ya Kenya, hapa hapa mjini, mwaka 2006. Mti nilioushusha nilikuwa nimeuhesabia vizuri kabisa. Tangi la maji lililokuwa chini yake sikulihesabia. Gogo lilianguka pale pale nilipotaka, likabiringika, likagonga matofali yaliyobeba tangi. Nililipa tangi hilo kwa miezi minne, na mke wangu alijua kila mwezi wake.

Mteja akikuita, anakuonyesha mti. Nawe unainua kichwa, unapima unene wa shina kwa macho, unataja bei. Hapo ndipo hasara inapoanzia. Mwembe uliosimama peke yake kwenye shamba tupu ni kazi ya asubuhi moja. Mwembe ule ule ukiwa katikati ya nyumba tatu ni kazi nyingine kabisa, kwa sababu kila kitu kilicho chini yake kinakukataza kuachia tawi lianguke. Mabati, ukuta wa parseli, choo, bomba, jiko la nje, mchicha wa mama mwenye nyumba, vyote hivyo ndivyo bei yako. Inamisha kichwa kwanza, kisha ndipo uinue.

Mimi siku ya kwanza naingia bila mashine, na daftari tu. Nauzunguka mti, naugonga shina kusikia kama ndani ni tupu, maana mwembe wa kizee mara nyingi umeoza moyo huku majani yake yakiwa ya kijani kibichi. Kisha nahesabu vipande, si matawi: hiki kitaanguka chenyewe, hiki lazima kishushwe kwa kamba. Kila kipande cha kamba nakipa dakika 20, yaani kufunga, kukata, kushusha, kufungua, kukivuta pembeni. Tuseme mwembe wako wa Kampemba ulikuwa na vipande 40 vya kamba. Hizo ni dakika 800, zaidi ya saa 13. Siku mbili zimekwisha na shina bado limesimama. Ungeijua hesabu hiyo kabla, usingetamka dola 120.

Na usiipe kamba kazi isiyoiweza. Gogo bichi lenye unene wa sentimita 50 na urefu wa mita 1 linakaribia kilo 200. Ukiliachia lidondoke kidogo ndipo kamba ilishike, nguvu inayovuta kamba inakuwa mara kadhaa ya uzito huo. Kamba ya katani ya sokoni, iliyolala juani mwaka mzima, inakatika wakati huo huo. Kata vipande vidogo. Kamba ya kushushia magogo isiwe ile uliyojifunga wewe kiunoni, hata kama umebakiwa na hiyo moja.

Ndani ya bei weka vijana wako, chakula chao, esansi, mafuta ya mnyororo, na mnyororo wenyewe, kwa sababu unaisha. Oili ya kuchanganya na esansi ni mililita 20 kwa lita kama ni oili ya mashine hizi na kitabu cha mashine kinataja sehemu 50 kwa 1. Wengi wanamimina kwa kukadiria, kisha wanalia pistoni imeungua. Na ukiona mashine inatoa vumbi badala ya vipande vya mbao, simama, piga tupa. Mnyororo butu unakunywa esansi yako na unakulazimisha kuukandamiza, na ukikandamiza ndipo ncha ya upanga wa mashine inapokurukia usoni.

Sasa magogo na matawi. Haya ni mambo mawili tofauti, na mteja mwerevu atakuachia lile baya. Magogo yana thamani, kuna wanunuzi wa mbao na kuna wachoma makala. Matawi na majani hayana mnunuzi, na yakishalala chini yanajaza parseli nzima kana kwamba umeangusha miti mitatu. Kabla ya kupanda uliza mambo matatu: magogo ya nani, matawi yanakwenda wapi, na kisiki kinabaki au kinang'olewa. Kama magogo ni yake, bei inapanda. Kama ni yako, usiyahesabu kama pesa mpaka umepata mtu wa kuyachukua, kwa sababu mbao ya mwembe ikikaa wiki chache kwenye unyevu inaingia madoa ya buluu na mwenye kupasua mbao atakushusha bei.

Yaandike hayo yote. Karatasi moja, Kifaransa au Kiswahili, mistari kumi, sahihi mbili, na akonti ya nusu kabla mashine haijawaka. Nakuambia hivyo si kwa kupenda makaratasi. Sheria ya raia ya nchi yetu, kitabu cha tatu, ibara ya 258, inasema anayemsababishia mwenzake hasara kwa kosa lake lazima airekebishe. Ibara ya 260 inaongeza kwamba unawajibika hata kwa hasara inayofanywa na watu unaowatuma kazi. Yaani kijana wako akiachia kamba, mabati ni yako. Kwa hiyo ulifanya vema kumlipa jirani. Lakini karatasi ingeweza kusema kwamba mwenye parseli aondoe vitu vyake chini, azungumze na jirani, na kama mti uko upande wa barabara apite kwanza komini. Mti wa avenyu si wa mwenye nyumba hata kama kivuli chake kinaangukia sebuleni kwake. Jakaranda nyingi za mjini ziko hivyo. Usiguse kwa neno la mdomo.

Kuhusu waya: kataa, mpaka SNEL, shirika la umeme, wamekata umeme na wewe mwenyewe umeongea na fundi wao aliyeukata. Usikubali mtu akuambie, "Panda tu, leo kuna delestaji." Delestaji ni mgao wa umeme tu, na umeme wake unarudi bila kukuaga. Na hata usiporudi, jirani aliyewasha gurupu (jenereta) yake na kuiunganisha vibaya anaweza kurudisha umeme kwenye waya hizo hizo. Tawi bichi, lililolowa, linapitisha umeme vizuri sana. Tulimzika mwenzetu mmoja kwa ajili hiyo, kijana wa miaka 22, na mteja alikuwa ameahidi dola 30. Kazi hiyo ikikupita, ikupite.

Jambo la mwisho kwako. Simu nyingi zinakuja Oktoba na Novemba, upepo wa mvua za kwanza ukishaangusha tawi juu ya gari la mtu. Wakati huo wote mna kazi na wote mna haraka. Tembea mwezi wa saba na wa nane, ardhi ikiwa kavu na ngazi inasimama vizuri. Gonga milango, onyesha tawi lililokufa, toa bei ya chini kidogo. Mimi wateja wangu wa kudumu niliwapata katika miezi hiyo ya ukame, si katika mvua.

*Papa, mwembe wangu ulipandwa na baba mkwe, na bado tunakula maembe yake. Fundi amesema akate kichwa chote ili mti usituangukie mvua zikianza. Nimpe kazi?*
Mama wa Kamalondo

Hapana, Mama. Usimpe. Mti uliokatwa kichwa unatoa machipukizi mengi kwa hofu, yamesimama kama fimbo, na yameshikwa na ganda la juu tu. Baada ya miaka michache yamekuwa mazito na hayo ndiyo yatakayowaangukia, huku shina likioza kuanzia pale lilipokatwa. Tena mwembe unazaa kwenye ncha za matawi yaliyokomaa, kwa hiyo maembe ya baba mkwe mtayakosa.

Mwambie aondoe sasa matawi yaliyokufa na yaliyopasuka. Kupunguza mengine kusubiri mkishamaliza kula maembe. Kisha mwombe akuonyeshe kwa kidole atakakokata. Pale tawi linapotoka kwenye shina pana uvimbe kama kola ya shati. Fundi anayejua anakata nje ya kola hiyo, haiingii wala haachi kigingi. Tawi zito analikata mara tatu: kwanza kutoka chini, mbali kidogo na shina, kisha kutoka juu, ili lianguke bila kuchana ganda, mwisho kigingi kilichobaki. Akitaka umnunulie rangi ya kupaka kidonda, okoa pesa yako. Mmarekani Alex Shigo alipasua maelfu ya miti kuchunguza jambo hili, akaonyesha kwamba rangi haizuii kuoza. Mti wenyewe unajenga ukuta ndani yake kuzunguka kidonda, ilimradi kola isiguswe.

Na utomvu wa mwembe unawasha ngozi, basi watoto wasichezee matawi yakiwa mabichi. Siku ya kazi mpe jirani habari tangu jana yake, aondoe nguo kwenye kamba na mbabula, jiko lake la makaa, uani.