Kikohozi chenye makohozi: angalia kohozi kwanza, dawa ya Kichina baadaye

Mkuu, umeuliza kwa nini tunda la pea lililopikwa kwa mvuke na chuan bei, dawa ya Kichina ya kikohozi, limemzidishia mama makohozi. Dawa hiyo ni nzuri, ila si ya kohozi la namna hiyo. Tabibu wa Kichina huuliza kwanza kohozi likoje: rangi gani, jepesi au zito, linatoka lenyewe au linanata.

Chuan bei, vitunguu vidogo vyeupe vya mmea wa Fritillaria, hulainisha mapafu. Hufaa kikohozi kikavu, koo linalowasha, kohozi dogo lisilotaka kutoka. La mama ni jingi, jeupe, jepesi, kifua kizito na chakula hakipandi. Matabibu wa Kichina huliita kohozi la unyevu na chanzo chake hukitafuta kwenye usagaji wa chakula. Pea na sukari huzidisha unyevu huohuo.

Fomula ya msingi kwa hali hiyo ni Er Chen Tang, ya enzi ya Song ya China ya kale: ban xia (kiazi cha mmea wa Pinellia) iliyosindikwa gramu 9, chen pi gramu 9, fu ling (uyoga uotao kwenye mizizi ya misonobari) gramu 9, urukususu (mzizi mtamu, licorice) uliokaangwa na asali gramu 4 au 5, na vipande 5 hadi 7 vya tangawizi mbichi. Chen pi ni maganda ya chenza yaliyokaushwa na kuhifadhiwa, bora miaka 3 au zaidi. Yanayosifika ni ya Xinhui, Guangdong. Yawe ya kahawia na harufu tulivu. Ganda la chungwa la jana halichukui nafasi yake.

Hatari kubwa iko kwenye ban xia. Ikiwa mbichi ni sumu: huchoma mdomo, hutia ganzi ulimi na kuvimbisha koo. Nunua iliyoandikwa fa ban xia (imesindikwa kwa chokaa na urukususu) au jiang ban xia (kwa tangawizi na shabu). Ukiona sheng ban xia, yaani mbichi, iache. Kuichemsha nyumbani hakutoshi kuitengeneza. Mjamzito asiitumie, na isichanganywe na fu zi wala wu tou (mizizi ya mmea wenye sumu wa Aconitum).

Tumia chungu cha udongo au sufuria ya enameli, si ya chuma wala alumini. Vunja fu ling vipande vidogo, la sivyo maji hayaingii ndani. Loweka vyote nusu saa katika maji baridi yaliyozidi dawa kwa vidole viwili. Chemsha kwa moto mkali, yakishatokota punguza, funika, acha dakika 25. Wengi huacha wazi, na mafuta yenye harufu ya chen pi yanapotea na mvuke. Chuja, ongeza maji machache, chemsha tena dakika 20, changanya maji ya mara zote mbili. Nusu asubuhi, nusu jioni, yakiwa vuguvugu, baada ya kula.

Fomula hii hukausha. Ukimpa mwenye kikohozi kikavu utamwongezea, na anayekohoa damu asipewe kabisa. Kohozi la njano na zito lina fomula yake, Qing Qi Hua Tan Wan, yenye mitishamba ya huang qin na gua lou.

Je, mama ana presha, au anatumia vidonge vya kukojoza maji? Urukususu ukinywewa siku nyingi hupandisha presha na kushusha potasiamu, kwa hiyo aongee na daktari wake kabla ya kikombe cha kwanza. Soma pia orodha ya viungo kwenye dawa zilizochanganywa tayari: ma huang (mmea wa Ephedra) ina efedrini, huufanya moyo uende mbio. Ma dou ling (tunda la mmea wa Aristolochia), inayotajwa kwenye vitabu vya zamani vya kikohozi, ina asidi ya aristolokia inayoharibu figo na kuleta saratani. Toleo la 2020 la famakopia ya China (kitabu rasmi cha dawa) liliiondoa.

Kikohozi kikifika wiki mbili, au kikija na damu, homa, jasho la usiku au kukonda, apimwe kifua kikuu kabla ya chungu chochote kuwekwa motoni. Akihema kwa shida, hospitali siku hiyohiyo.