Ukitaka kuanzisha huduma ya kutafutia taksi watu wa kiti mwendo, anzia kwenye mlango wa gari

Vijana wanaonitafuta kuhusu huduma hii karibu wote huanza na swali moja: programu nilitengenezewa na nani, na ilinigharimu shilingi ngapi? Nawajibu kwamba sina programu. Nina ukurasa mmoja mwepesi wa mtandaoni, namba ya WhatsApp, daftari, na orodha ya madereva wa Kigoma Ujiji ambao magari yao nimeyapanda mwenyewe nikiwa na kiti mwendo changu. Orodha hiyo ndiyo huduma. Vingine vyote ni njia ya kuifikisha kwa mwenye shida.

Nakazia hapa kwa sababu wengi wenye nia njema huanzia upande wa pili. Wanamlipa fundi wa tovuti, wanachora nembo, kisha wanapita vijiweni kukusanya namba za madereva na kuandika kwamba wote "wanabeba walemavu". Mama wa watu anapiga simu, taksi inafika, buti limejaa madumu ya mawese na kiti hakina pa kuingia. Ameshavaa, ameshatolewa nje, na foleni ya kliniki ya hospitali ya Maweni haimsubiri. Huyo hapigi tena. Atakayekuja kesho na huduma nzuri zaidi naye hataaminiwa.

Kabla ya kuandika kwamba gari linafaa, jiulize linamfaa nani. London, tangu 1989, kila taksi nyeusi mpya lazima iweze kumbeba abiria akiwa amekaa kwenye kiti mwendo chake, na ilipofika mwaka 2000 sharti hilo likawa la taksi nyeusi zote za jiji. Mtu wa kule akisimamisha taksi ya namna hiyo hana haja ya kuuliza maswali. Kwetu karibu kila mmoja hutoka kwenye kiti, anahamia siti ya gari, kiti kinakunjwa na kuwekwa nyuma. Na hatuhami kwa namna moja. Yupo anayesimama akishikilia mlango na kupiga hatua mbili. Yupo anayejisogeza kwa mikono kutoka kiti hadi siti bila kusimama, na mimi ni mmoja wao. Yupo anayebebwa mzimamzima. Halafu yupo asiyeweza kutoka kwenye kiti kabisa, kwa sababu mgongo wake unashikiliwa na kiti chenyewe. Gari linalomfaa wa kwanza linaweza kuwa mateso kwa wa tatu.

Mfano ni Noah. Mtu akisikia kiti mwendo, gari la kwanza kulitaja ni Noah kwa sababu lina nafasi. Nafasi ipo kweli, lakini siti yake iko juu. Kiti mwendo cha kawaida hukalisha mtu kama sentimita 50 kutoka ardhini, kwa hiyo anayejisogeza kwa mikono analazimika kupanda badala ya kuteleza. Huyo mpe IST au gari lolote dogo ambalo siti yake inakaribiana na kimo cha kiti. Toyota Raum ya kuanzia mwaka 2003 ni hazina ambayo wenye nayo wengi hawaijui: upande wa kushoto mlango wa mbele na wa nyuma vikifunguliwa hakuna nguzo katikati, na wa nyuma unateleza badala ya kufunguka kwa nje, hivyo kiti kinasogea hadi ubavuni mwa siti. Toyota Porte nayo ina mlango mpana wa kuteleza upande huohuo wa kushoto, ambao kwetu ndio upande wa kushukia. Ukiziona mjini, mfuate dereva.

Japani kuna magari ya mitumba yaliyotoka kiwandani yakiwa na njia ya mteremko nyuma, mtu anaingizwa akiwa kwenye kiti chake. Toyota huyaita Welcab, na yametengenezwa kwenye Noah, Ractis na mengine tunayoyajua. Usikubali fundi akuambie atakuwekea ubao kwenye Noah ya kawaida na mambo yameisha. Kipimo cha mteremko kwenye majengo ni kupanda sentimita 1 kwa kila sentimita 12 za urefu. Sakafu ikiwa sentimita 40 kutoka chini, ubao ungetaka karibu mita 5. Ndiyo maana magari ya kiwandani yameshushwa sakafu ya nyuma. Na mtu akisafiri kwenye kiti chake, kiti hufungwa kwenye sakafu kwa mikanda minne, miwili mbele na miwili nyuma, na abiria anafungwa mkanda wake tofauti. Kamba ya katani haitoshi. Kama gari halina mikanda hiyo, usiliweke kwenye orodha ya wanaobaki kwenye kiti, hata mwenye gari akiwa ndugu yako.

Bajaji usizidharau, maana ndizo nyingi na ndizo za bei nafuu. Siti iko chini na ubavu uko wazi. Tatizo ni kiti: kinachokunjwa huingia kwa kubanwa nyuma ya siti au mbele ya miguu ya msindikizaji, kisichokunjwa hakiingii. Wenye baiskeli za miguu mitatu za kuendesha kwa mikono wana kazi nyingine. Baiskeli hiyo haiingii kwenye teksi yoyote, inahitaji kirikuu au guta ifuate nyuma, na hapo ni nauli mbili. Mwambie mteja mapema kabla hajatoka nyumbani.

Wajerumani wana ramani ya mtandaoni iitwayo Wheelmap, iliyoanza mwaka 2010, ambapo watu hupaka majengo rangi kama taa za barabarani: kijani panafikika, chungwa kwa sehemu, nyekundu hapafikiki. Kwa majengo inasaidia sana. Kwa magari yetu mimi naandika vitu vyenyewe: kimo cha siti kwa sentimita, mlango unafunguka au unateleza, kiti kinachokunjwa kinaingia wapi, dereva anaweza kubeba mtu au hawezi, anapatikana saa ngapi. Msomaji anaujua mwili wake kuliko mimi. Mpe vipimo aamue.

Sasa dereva. Gari zuri lenye dereva mwenye papara ni hatari kuliko gari baya lenye dereva msikivu. Ukaguzi wangu ni kumwita dereva, nikae kwenye kiti changu kando ya gari lake, nimwambie nataka kwenda Ujiji, ninyamaze. Wengine hunikimbilia na kunishika kwapani kabla hata ya salamu. Wengine hukamata kiti kwa mahali pa kuegesha mikono, pale panapochomoka, na ukinyanyuliwa hivyo unabaki hewani. Mzee mmoja wa kijiwe cha stesheni alisimama mbele yangu akaniuliza, "Mama, huwa unaanzia upande gani?" Nikamwonyesha. Akarudisha siti ya mbele hadi mwisho, akaegemeza mgongo wa siti hiyo nyuma kidogo, akatandika juu yake kitenge kipya ambacho bado kina nta ili niteleze. Barabara pale ina mteremko, kwa hiyo alisogeza gari nikae mimi upande wa juu na siti iwe upande wa chini. Akafunga breki za kiti kwa mguu, akazitikisa kuhakikisha. Hajawahi kufundishwa na mtu. Alikuwa akimpeleka mkewe hospitali. Nilimwomba awafundishe wenzake, na hadi leo hakuna semina niliyowahi kuona inayozidi asubuhi moja ya yule mzee na madereva wenzake wakibebana kwa zamu.

Usipuuze suala la muda. Mwaka 2017 Toyota ilitoa Japani taksi maalumu, JPN Taxi, yenye ubao wa kumpandishia mtu wa kiti mwendo. Gari lilitengenezwa kwa ajili hiyo, lakini kuupanga ubao na siti kulichukua muda mrefu mno, malalamiko yakawa mengi kwamba madereva wanawakwepa abiria, na mwaka 2019 kampuni ikarahisisha utaratibu. Kama Japani dereva anakwepa kwa sababu ya dakika, wa hapa Mwanga anayekimbizana na hesabu ya bosi atakwepa tu. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inakataza ubaguzi na ni vizuri dereva aijue, ila kinachomfanya aje kwa moyo ni kuafikiana naye mapema. Sisi tunapatana nauli moja ambayo ndani yake kuna muda wa kupanda na kushuka, inaandikwa kwenye ukurasa, na hakuna "ya kiti" inayodaiwa mlangoni. Hiyo "ya kiti" ndiyo inayotuumiza kuliko ngazi. Mtu analipishwa miguu yake.

Jambo ambalo wabunifu wengi hawalioni: anayetafuta mtandaoni mara nyingi siye anayesafiri. Ni mtoto wake aliye Dar au Mwanza, anayetaka mama achukuliwe Katubuka apelekwe Maweni na arudishwe. Ana simu kubwa, ana bando, anaweza kulipa kwa simu. Mama mwenyewe ana kitochi. Kwa hiyo ukurasa uandikie mtoto, simu ipokelewe kwa ajili ya mama. Picha ziwe chache na nyepesi, namba ya simu iwe juu kabisa, na nyuma ya namba hiyo awepo mtu anayejua kuuliza: kiti kinakunjwa? Unaweza kusimama? Msindikizaji yupo? Nyumba iko juu ya barabara au chini? Swali hilo la mwisho kwa mji wetu wa milima lina uzito. Kuna nyumba za Mwanga ambazo gari haliwezi kuzifikia, na wakati wa mvua hata njia ya kiti inakatika na maji. Hapo dereva aje na mtu wa pili, au mpatane mahali pa kukutana.

Safari zenyewe zinajulikana: hospitali, stendi ya Masanga, uwanja wa ndege, na stesheni. Ya stesheni ipangieni vizuri zaidi. Ngazi za behewa ni za mwinuko na treni hufika saa yoyote, kwa hiyo dereva wako awe tayari kusubiri na awe na mwenzake wa kusaidia kushusha.

Taarifa za watu zitunze kama amana. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inahesabu mambo ya afya kuwa taarifa nyeti, na anayekusanya taarifa za watu anatakiwa kujisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Mimi siandiki ugonjwa wa mtu. Naandika tu kinachohusu gari: anasimama au hasimami, kiti cha aina gani. Dereva hapewi zaidi ya hapo.

Kuhusu leseni, nenda mapema ofisi ya mkoa ya LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, hasa kama unafikiria kuita magari kwa mfumo wako na kukata kamisheni. Huko kuna kanuni za nauli na kamisheni, na zilimgusa hata mkubwa: Aprili 2022 Uber, kampuni ya kuita taksi kwa simu, ilisimamisha huduma zake nchini kwa sababu ya kanuni hizo, ikarudi mwaka uliofuata. Kwa mji mdogo kama huu sikushauri utegemee kamisheni.

Wala usiwatoze madereva ili waonekane kwenye orodha. Dereva akishakulipa, siku akimtukana abiria utaona ugumu kumtoa. Bora ada ndogo ya kuandaa safari ilipwe na anayeagiza, na taasisi zinazosafirisha watu mara kwa mara zilipe kwa mwezi. Mtaji wa gari ni hadithi nyingine. Katika ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayokopeshwa bila riba, asilimia 2 ni ya watu wenye ulemavu. Mtafute afisa maendeleo ya jamii wa kata yako, kaeni kikundi, andikeni gari lenye vipimo mnavyovitaka. Msiandike "gari" tu, mtaletewa chochote.

Na kagua upya. Magari ya hapa huuzwa, hubadilishwa siti, hufungwa vyuma nyuma vya kubebea mizigo. Dereva akibadilisha gari, namba yake inatoka kwenye ukurasa siku hiyohiyo, na hairudi mpaka nikae tena kando ya mlango wa hilo jipya na kiti changu.