Jibu: Sm 5 za lami juu ya ranwei iliyopasuka? Usisaini, chimba kwanza

Usisaini hiyo BOQ (orodha ya kazi na gharama zake). Kama mkandarasi ameshaleta rola, mpe chai asubiri.

Kwa wanaopita: mwenzetu anasimamia ukarabati wa ranwei ya ndege ndogo Pemba. Lami imepasuka vijivipande kwenye mapito ya magurudumu, mvua ikinyesha kuna madimbwi ukingoni, na ameambiwa msingi ni mzima, sm 5 za lami mpya juu yake zinamaliza kazi. Anauliza kama unene huo unatosha, mistari ipakwe rangi gani, taa zikae wapi, na kunguru wafukuzwe vipi. Kunguru! Ndugu yangu, ranwei ina maji tumboni na wewe unawaza kunguru.

Lami iliyozeeka tu hupasuka kwa miraba mikubwa au mistari mirefu, hata pale gurudumu lisipopita. Ikipasuka vijivipande kwenye mapito ya magurudumu peke yake, tabaka la chini limelegea na lami inapinda kila ndege ikipita mpaka imechoka. Na huku kwetu kinacholegeza ni maji. Subiri mvua ikatike, utembee. Ukiona matope membamba, meupe au mekundu, yamejimwaga kandokando ya ufa, huo ni unga wa kifusi chako, lile tabaka la msingi chini ya lami, unaosukumwa juu na magurudumu. Chini pamebaki uvungu.

Sasa laza sm 5 juu ya hapo uone. Ufa wa zamani utapanda hadi juu, ni suala la muda tu. Maji ya chini yanakosa pa kutokea, yanakwama kati ya lami kuukuu na mpya, gurudumu likipita yanabanwa na kubandua lami kwenye kokoto. Kokoto iliyovuliwa lami inang'oka, na iliyolala juu ya ranwei inanyonywa na propela. Bei ya propela muulize mwenye ndege, lakini kaa kwanza. Juu ya hayo umeinua ranwei sm 5 wakati ardhi ya pembeni na taa zimebaki palepale, kwa hiyo lazima ujaze udongo ukingoni. Ukijaza ule mfinyanzi mwekundu ulio karibu, umejenga tuta la kuzuia maji yasitoke. Mwisho wake unalipa kulaza, unalipa kukwangua lami zote mbili, halafu unalipa kufanya kile ambacho kingefanywa mwanzo.

Na aliyekwambia msingi ni mzima namjua, maana wapo wengi. Anakuja na boti la asubuhi, anapima Januari kaskazi imetulia, anaondoka na la mchana, ripoti inafuata ikiwa na jalada la kung'aa. Kifusi cha matumbawe kikikauka kinashikana mpaka sururu inaruka. Kikiwa kimechanganyika na mfinyanzi, kikilowa kinalainika chote. Vipimo vyake ni sahihi, kwa Januari. Masika hayakuisoma ripoti yake.

Kwa hiyo pima mwishoni mwa masika. Toa NOTAM (tangazo rasmi kwa marubani), funga ranwei, chimba mashimo ya mita 1 kwa 1 yasiyopungua manne: palipopasuka, pazima, ukingoni, na mwisho wa mteremko. Pima unene wa kila tabaka. Chota sampuli, ifunge papo hapo kwenye mfuko usiopitisha hewa, ipime uzito, ikaushe kwenye oveni nyuzi 105 hadi uzito usishuke tena. Unyevu huo ulinganishe na ule bora uliopatikana kwenye kipimo cha Proctor, kile cha maabara kinachoonyesha kifusi kinashindilika vizuri zaidi kikiwa na unyevu gani. Ukiuzidi kwa wazi, mjadala umekwisha. Kisha teremsha DCP (fimbo ya chuma yenye ncha inayopigiliwa ardhini), ile ya nyundo ya kilo 8 inayoanguka sm 57.5. Pigo likizamisha mm 10, CBR (kipimo cha uwezo wa ardhi kubeba mzigo, kwa asilimia) ni kama 26. Likizamisha mm 40 ni kama 6, na 6 chini ya lami ni bonde la mpunga. Mashimo yarudishie kwa tabaka zisizozidi sm 15, shindilia kila moja, ziba kwa lami, fagia. Usimfungulie rubani ranwei yenye changarawe ulizozimwaga mwenyewe.

Halafu tafuta maji yanaingilia wapi. Mara nyingi ni ukingoni: nyasi zinanasa vumbi, ardhi inapanda kidogo kidogo, mpaka majani yanakuwa juu kuliko lami na maji hayana pa kwenda. Pitisha greda. Ardhi ikae kama sm 4 chini ya lami, na mita 3 za mwanzo ziteremke kwenda nje, hata asilimia 5 inaruhusiwa. Atatokea mtu aseme chimba mtaro wazi hapo hapo pembeni. Mkatalie, ndege ikitoka nje ya lami itavunjikia humo.

Na usiige kazi ya Unguja upande wa maweni, ambako maji yanapotea kwenye jiwe. Pemba ni vilima na mabonde. Maji yanatambaa chini kwa chini kutoka kilimani na kuingia kwenye kifusi hata kama lami haina ufa mmoja. Upande huo wa juu ndio unaotaka mtaro wa kufukia: upana sm 30 au zaidi, kina kipite chini ya kifusi, kitambaa cha kuchujia, bomba la matundu la mm 100 hadi 150, kokoto safi zisizo na unga, mteremko angalau sm 1 kila mita 2. Mdomo wa bomba uweke wavu na kigingi cha alama, la sivyo mkata nyasi ataufukia na hakuna atakayejua.

Yakishatoka maji, kata palipooza sm 30 kupita ufa wa mwisho, toa kifusi chote kilicholowa, weka kikavu. Hapo ndipo unene unazungumzika, na unatoka kwenye ndege nzito kuliko zote mnazopokea na CBR ya masika, si kwenye mdomo wa mkandarasi. Tabaka lisiwe chini ya mara 3 ya kokoto kubwa, na matundu ya hewa yakizidi asilimia 8 lami yenyewe inapitisha maji. Mteremko wa kutoka katikati usiwe chini ya asilimia 1 wala kuzidi 2, na rula ya mita 3 isionyeshe bonde la zaidi ya mm 3. Msiseme ndege ndogo haina shida na dimbwi: mwendo ambao tairi huanza kuelea juu ya maji, kwa noti (maili za baharini kwa saa), ni kama mara 9 ya kipeuo cha pili cha psi, yaani presha ya upepo wa tairi. Tairi ya psi 100 inaelea kwenye noti 90, ya psi 36 kwenye 54 tu.

Mistari ni myeupe. Weka hapa picha za mashimo manne na mm kwa pigo za kila moja, tuangalie mtaro uanzie wapi.