Samaki wa mashua iliyofutwa

Mwezi wa saba kusi inapochafua bahari, samaki huwa haba na kila kilo ina mwenyewe. Ndipo nahodha mmoja mzee wa hapa Lamu aliponijia na daftari lake: "Mwanangu, nguru wangu wako wapi?" Ripoti ya programu niliyowaundia wavuvi ilikuwa imemkata zaidi ya nusu ya mzigo wake.

Nilipoteza siku mbili nikikagua hesabu ya jumla. Usifanye hivyo. Jumla ikipungua bila ujumbe wowote wa kosa, anza na uhusiano wa majedwali. Jedwali langu la mizigo halikuweka jina la chombo, liliweka namba yake tu, na namba hiyo ilielekeza kwenye jedwali la vyombo. Mashua ya mzee ilipobadilishwa jina, karani aliifuta akaisajili upya, ikapata namba nyingine. Mizigo ya zamani ikabaki yatima, na ripoti, iliyounganisha majedwali kwa JOIN ya kawaida (amri inayoleta tu mistari yenye mwenzi pande zote mbili), ikairuka kimya kimya.

Yatima hao utawapata kwa LEFT JOIN: leta mizigo yote, kisha bakiza ile ambayo upande wa chombo ni NULL, yaani tupu. Kwenye SQLite, hifadhidata niliyotumia, kuna njia fupi, amri ya PRAGMA foreign_key_check.

Kwa nini hifadhidata ilikubali kufuta, na ufunguo wa kigeni, yaani sharti kwamba kila namba ya chombo iwepo kwenye jedwali la vyombo, nilishautangaza? SQLite ina uwezo wa kuusimamia tangu toleo 3.6.19 la mwaka 2009, ila kwa kawaida haifanyi hivyo mpaka uamuru PRAGMA foreign_keys = ON, tena kila unapofungua muunganisho. Na kuiwasha hakukagui mistari iliyokwisha kuharibika.

Lililoniumiza zaidi ni jingine. Usipoweka AUTOINCREMENT, agizo la kutorudia namba iliyokwisha kutumika, chombo chenye namba kubwa kuliko zote kikifutwa, kinachofuata hupewa namba ileile. Hori moja lilirithi tewa wa mtu mwingine! Hapo hakuna yatima, ukaguzi wote unapita. Tarehe ndizo zilizofichua: samaki walipimwa kabla hori halijasajiliwa.

Basi chukua nakala ya faili kwanza, na yatima usiwafute, kila mmoja ni jasho la mtu. Tulikaa barazani na mzee, daftari mapajani, tukarudisha mstari baada ya mstari hadi adhana ya alasiri. Sasa karani hana kitufe cha kufuta chombo. Ana safuwima ya hali tu: kinavua, au kimeuzwa.