Kabla hujaonja Geisha, tafuta kwanza kahawa ya kuilinganisha nayo

Wanaoniuliza kuhusu kahawa ya Geisha, aina ya mbegu ya kahawa yenye bei kubwa, huanza na bei hiyo, na wana haki, maana pakiti ya gramu 100 huweza kukutoa fedha nyingi kuliko kilo nzima ya kahawa nzuri ya Kilimanjaro. Mimi swali linaloniuma ni lile linalofuata: ukishaipata, utaionjaje hadi uelewe umenunua nini? Nimeona watu wakiitia sukari vijiko viwili, wakainywa ingali inafuka mvuke, kisha wakasema ni maji ya moto tu. Inasikitisha, kwa sababu kile walicholipia kilikuwa bado hakijatokeza.

Historia yake inapita kwetu. Mbegu zake zilikusanywa miaka ya 1930 kusini-magharibi mwa Ethiopia, zikapelekwa Kitale nchini Kenya, na mwaka 1936 zikafika Lyamungu, kile kituo cha utafiti wa kahawa mkoani Kilimanjaro ambacho leo ni makao makuu ya TaCRI, Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania. Kutoka Lyamungu zilisafirishwa mwaka 1953 hadi Turrialba, Costa Rica, na miaka ya 1960 zikaingia Panama. Watafiti walikuwa wanatafuta mti unaostahimili ugonjwa wa kutu ya majani, basi. Wakulima wa Panama nao hawakuupenda sana, kwani matawi yake huvunjika kirahisi, huzaa kidogo, na ukipandwa maeneo ya chini kahawa yake haina cha ajabu. Hadi mwaka 2004, familia ya Peterson ya shamba la Hacienda La Esmeralda, Boquete, ilipotenga kahawa ya miti iliyokuwa juu kabisa mlimani na kuipeleka peke yake kwenye mashindano ya Best of Panama. Ikashinda, ikauzwa mnadani dola 21 kwa ratili, yaani karibu nusu kilo. Mwaka 2019, Geisha ya shamba la Elida, hukohuko Panama, ilifika dola 1,029 kwa ratili.

Nakusimulia haya kwa sababu ndiyo yatakayokusaidia kusoma pakiti dukani. Utamu wa Esmeralda ulionekana pale tu ilipokutana mbegu sahihi, mwinuko mkubwa, na mtu aliyekataa kuichanganya na kahawa nyingine. Kwa hiyo neno Geisha peke yake lisikutoe hela mfukoni. Tafuta jina la shamba, mwinuko kwa mita, mwaka wa mavuno, namna ilivyoandaliwa na tarehe ya kukaangwa. Kukosekana kwa moja hakunitishi; yakikosekana yote, narudisha pakiti rafuni. Tena Geisha zote si ndugu wa damu. Malawi wanalima Geisha miaka mingi, na ni kahawa nzuri, ila mbegu yake ni tofauti na ile ya Panama. Kwetu pia ipo, kuna mashamba ya Karatu yanayoilima.

Kama ni mara yako ya kwanza, chagua iliyomenywa na kuoshwa kwa maji. Iliyokaushwa pamoja na tunda lake huwa na utamu mwingi wa matunda yaliyoiva mno, na siku hizi wapo wanaoivundika kwenye mapipa kwa siku kadhaa ili ipate harufu kali. Wengi wanaipenda. Kwangu mimi inaficha tabia ya mti wenyewe, na tabia ya mti ndiyo uliyoilipia. Nunua punje nzima, usikubali kusagiwa dukani. Na kama imekaangwa jana, ivumilie wiki moja hivi, maana kahawa iliyokaangwa kidogo huhitaji muda itoe gesi kabla haijafunguka vizuri.

Sasa kuionja. Huhitaji mashine. Chukua bilauri mbili zinazolingana, mizani ya jikoni, kijiko cha supu na birika. Bilauri moja ni ya Geisha, ya pili iwe kahawa unayoijua, yaani ile ya kila siku nyumbani kwako, mradi nayo ni ya punje. Hii ya pili ndiyo watu huiacha, na ndiyo yenye kazi kubwa. Ulimi hausemi mengi juu ya kitu kimoja. Upe viwili, nao utaanza kukueleza. Saga gramu 12 za kila moja, unga mkubwa kidogo kama chumvi ya mawe iliyopondwa, unuse kwanza ukiwa mkavu. Kisha mimina mililita 200 za maji yaliyochemka na kutulia nusu dakika. Maji yawe ya kunywa, yasiyo na ladha. Kama uko Dar na bomba lako ni la kisima chenye chumvi, nunua ya chupa, la sivyo utakuwa unaonja kisima.

Ngoja dakika 4. Juu patakuwa na tabaka la unga. Sogeza pua karibu kabisa, livunje kwa mgongo wa kijiko na uvute hewa hapohapo, maana harufu ile ya kwanza haidumu. Ondoa povu, kisha acha. Usiguse mpaka zipite kama dakika 10 tangu umimine. Unapoanza, chota kidogo kwa kijiko na uivute kwa nguvu, hata kama inatoa mlio, isambae kinywani kote. Suuza kijiko unapohamia bilauri ya pili.

Niliifanya hivi kwa Baba mdogo, kule Hai. Amelima kahawa maisha yake yote, na kama wazee wengi wa kwetu, anayokunywa asubuhi ni chai. Nilimwekea Geisha ya Panama na kahawa ya kihamba chake mwenyewe, shamba lake la nyumbani. Akaonja ya Panama ikiwa ya moto, akaitazama rangi yake, nyepesi, inakaribia wekundu, akasema, "Hii si ni chai, mwanangu?" Sikumjibu. Akarudi kwenye yake, akatikisa kichwa kwa kuridhika, na alikuwa na haki, ilikuwa nzito na yenye utamu wa sukari guru. Tukaongea habari za mvua. Bilauri zilipopoa kiasi cha kushikika bila shida, akachota tena, akanyamaza, akainusa. "Kuna ua humu." Ilikuwa asumini. Baada yake likaja ganda la chenza, kisha utamu laini unaobaki nyuma ya ulimi muda mrefu. Nilipomwambia mbegu hiyo iliwahi kukaa Lyamungu, mwendo mfupi kutoka alipokuwa ameketi, akaiweka bilauri chini na kuniomba nirudie.

Ndiyo maana nasisitiza kupoa. Joto kali huziba ulimi, na uzuri wa Geisha uko kwenye harufu na uchachu mwembamba, mambo yanayotokeza kahawa ikiwa vuguvugu. Onja mara tatu, ikiwa ya moto, ikiwa vuguvugu na ikiwa imepoa kabisa. Kahawa mbovu hujitangaza ikipoa; hii huzidi kunoga.

Sukari na maziwa viache pembeni kwenye kuonja huku. Nimekulia kwenye kahawa chungu pia, ile ya dele na kashata barazani, na siiachi. Ila ile imekaangwa sana na kuchemshwa ili iwe kali, na kuipima Geisha kwa kipimo hicho ni kuionea. Ukiisikia nyepesi, jiulize kwanza umesikia harufu gani.

Pakiti ikishafunguliwa, ifunge vizuri, iweke kabatini mbali na jua na jiko, uimalize ndani ya mwezi. Kisha bilauri zilezile zitumie kwa N39, aina nyingine ya kahawa iliyochaguliwa Lyamungu, ukiipata kwa mkulima anayechuma mbivu tupu, na uiweke kando ya SL28, aina ya kahawa ya Kenya, ambayo mbegu yake ilitoka Monduli mwaka 1931. Hizo mbili kwa pamoja hazifiki bei ya Geisha, na hapo utajua kama ulimi wako umeanza kusikia.